Sukari, tansio, kolesteroli, aspirini: pesa ya dawa Bukavu ianzie wapi?

Mwenye diabete wa Bukavu akipata pesa ya dawa, kwanza hukimbilia glisemi, yaani kiwango cha sukari kwenye damu. Ananunua vijiti vya kupimia, anauliza dawa ya sukari, na kinachobaki, kama kinabaki, ndicho kinachoenda kwenye tansio. Mafuta ya damu hayamo hata kwenye hesabu. Inaeleweka. Mashine ya sukari inatoa jibu palepale, na mtu mwenye 320 anahisi kiu, anaamka usiku mara nne kukojoa. Tansio ya 170/100 haiumi popote. Kolesteroli nayo, wengi hulisikia jina lake siku wanapolazwa.

Lakini kinachoua wengi zaidi kati ya wenye diabete ya aina ya pili ni moyo na mishipa mikubwa: shambulio la moyo, kiharusi, moyo kuchoka, mguu kukosa damu. Na kwa mishipa hiyo, kushusha sukari peke yake ni njia ndefu yenye faida ya polepole. Ulinganisho huu ni wa mtu mzima mwenye diabete ya aina ya pili, ambaye sukari yake haimtishi leo wala kesho, na ambaye hawezi kununua kila kitu kwa mara moja. Mwenye aina ya kwanza hayumo: kwake insulini haipangwi foleni na chochote. Aliyekonda ghafla, anayetapika, anayekojoa mno na glisemi yake imepita 300 naye hayumo. Huyo ni sukari kwanza, tena leo, kwenye kituo cha afya.

Nne zikiwekwa pamoja

Tuanze na sukari. Utafiti wa UKPDS ulianza Uingereza mwaka 1977 na kutoa majibu yake makubwa 1998. Waliobanwa sukari walifika HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu) ya 7.0, wenzao wakabaki 7.9, kwa miaka ipatayo kumi. Madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho, yalipungua kwa robo. Shambulio la moyo lilipungua kwa asilimia 16, na hata hiyo ilikuwa kwenye ukingo wa kudhaniwa bahati tu. Ilibidi kungoja hadi 2008, miaka kumi baada ya utafiti kwisha, ndipo faida kwa moyo ikaonekana bila shaka. Kwa maneno mengine, sukari iliyoshushwa mapema hulipa, ila hulipa kwa kuchelewa.

Sasa tansio, ndani ya UKPDS hiyohiyo. Kundi moja lilifikishwa wastani wa 144/82, jingine likabaki 154/87. Ni pointi kumi tu za juu, tena 144 leo tungesema bado haijatosha. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 44, na vifo vinavyotokana na diabete kwa asilimia 32.

Kolesteroli: utafiti wa CARDS, uliotolewa 2004, uliwapa atorvastatini ya miligramu 10 watu wenye diabete ambao hawakuwahi kupata ugonjwa wa moyo na ambao kolesteroli yao wala haikuwa juu sana. Matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 37. Watu 1000 wakimeza dawa hiyo miaka 4, matukio yasiyopungua 37 yanazuiwa. Kidonge kimoja kidogo kwa siku.

Aspirini, ambayo wengi huimeza bila kuandikiwa kwa sababu "inapunguza damu nzito": utafiti wa ASCEND wa 2018 uliwafuatilia watu zaidi ya 15,000 wenye diabete wasio na ugonjwa wa moyo, kwa zaidi ya miaka 7. Waliomeza aspirini walipata matukio makubwa asilimia 8.5, wasiomeza 9.6. Hiyo ni faida ya watu 11 katika 1000. Upande wa pili, kutokwa damu kubaya kulikuwa asilimia 4.1 dhidi ya 3.2, yaani hasara ya watu 9 katika 1000. Unachokipata mkono wa kulia kinatoka karibu chote kwa mkono wa kushoto.

Na kuna onyo kwa anayesema basi abane sukari mpaka chini kabisa. Utafiti wa ACCORD, Marekani na Kanada, ulijaribu kuishusha HbA1c chini ya 6 kwa watu zaidi ya 10,000 waliokuwa na diabete ya muda mrefu. Mwaka 2008 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliobanwa sana walikuwa wanakufa zaidi kuliko wenzao. Kwa wengi, lengo la 7 latosha (ni sawa na wastani wa sukari wa 154 mg/dl). Kwa mzee, au mwenye moyo au figo mbovu, 8 si dhambi.

Foleni yetu basi ni hii. Kwanza sigara, kwa sababu kuacha hakuhitaji franka hata moja, na hakuna kidonge kitakachofidia mishipa ya mwenye diabete anayevuta. Pili tansio. Tatu statini, yaani dawa za kolesteroli kama atorvastatini, kwa kila aliyevuka miaka 40. Metformini, dawa ya sukari ya kuanzia, haimo kwenye ushindani, ni rahisi na inakwenda pamoja na zote tangu siku ya kwanza. Dawa za sukari za bei kubwa na vijiti vya kila siku vinakuja baada ya hapo. Aspirini ina wateja wake maalumu, tutawataja.

Foleni ni ya kuanzia tu. Utafiti mdogo wa Denmark, Steno-2, ulichukua watu 160 wenye diabete na albumini kwenye mkojo (protini inayovuja figo ikianza kuharibika), nusu yao wakatibiwa sukari, tansio, mafuta na mwenendo wa maisha kwa mpigo mmoja kwa miaka karibu 8. Miaka 21 tangu kuanza, nusu hiyo ilikuwa imeishi miaka 7.9 zaidi ya wenzao. Ndipo pa kufika, hata kama unafika kwa kuongeza dawa moja kila baada ya miezi miwili.

Dawa za tansio: ipi na ipi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana famasi za mjini zina dawa nyingi za tansio, na mtu hubadilishiwa kutoka moja hadi nyingine kwa sababu tu "ile imekwisha".

| Dawa | Kipimo kwa siku | Inapofaa | Inapoharibu |
|---|---|---|---|
| Amlodipini | mg 5, kisha 10 | Inashusha vizuri kwa Mwafrika. Haihitaji kupimwa damu. Haigusi sukari | Vifundo kuvimba, hasa kwa mg 10 |
| Enalaprili, lisinoprili | mg 5–10, kisha 20 | Inalinda figo yenye albumini, inasaidia moyo uliochoka | Kikohozi kikavu, potasiamu kupanda, marufuku kwa mjamzito |
| Kaptoprili | mg 25, mara 2 au 3 | Kazi sawa na enalaprili | Inasahaulika, maana ni mara nyingi, tena kabla ya chakula |
| Losatani | mg 50, kisha 100 | Badala ya enalaprili kikohozi kikizidi | Marufuku kwa mjamzito, potasiamu |
| Hidroklorotiazidi | mg 12.5–25, asubuhi | Bei ndogo; nzuri kwa mla chumvi | Inapandisha sukari kidogo, inashusha potasiamu, inachochea jongo |
| Atenololi | mg 50 | Aliyewahi shambulio la moyo, au mapigo ya haraka | Inaficha dalili za sukari kushuka |

Kidonge kimoja hakiwatoshi wengi. Aliye juu ya 150/90 ni bora aanze na viwili vya kipimo kidogo kuliko kukikuza kimoja mpaka kilete madhara. Vipi sasa? Utafiti wa CREOLE, uliotolewa 2019, uliuliza swali hilo hasa kwa Waafrika 728 wa nchi sita, Uganda na Kenya zikiwamo. Amlodipini pamoja na hidroklorotiazidi, au amlodipini pamoja na perindoprili (ndugu wa enalaprili), zilishusha tansio ya juu kwa pointi 3 hivi zaidi ya perindoprili na hidroklorotiazidi bila amlodipini. Kwa hiyo amlodipini iwe mguu wa kwanza wa meza.

Mguu wa pili unategemea mkojo. Kama mkojo una albumini, au kama moyo umeshachoka, chagua enalaprili au lisinoprili, hata kama jirani yako anasifu dawa nyingine. Kama mkojo ni safi na pesa ni kidogo, hidroklorotiazidi inatosha. Kuna faida ya pembeni ambayo wengi hawaijui: enalaprili ikiungana na amlodipini, uvimbe wa vifundo hupungua, kwa sababu moja inafungua mshipa unaoingiza damu na nyingine inafungua ule unaoitoa.

Mchanganyiko usiofaa kabisa ni enalaprili na losatani kwa pamoja. Hazijumlishi ulinzi, zinajumlisha hatari kwa figo na potasiamu. Hilo hutokea mtu anapopewa karatasi mbili na waganga wawili. Chukua vidonge vyote ndani ya mfuko mmoja kila unapokwenda kwa munganga, hata vile vya maumivu.

Kabla ya enalaprili, lisinoprili au losatani, pimwa kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), na potasiamu kama labo inaweza. Rudia baada ya wiki 2 hadi 4. Kreatinini ikipanda kidogo, mpaka asilimia 30, si sababu ya kuacha. Ikizidi hapo, simamisha na utafute chanzo. Mara nyingi ni kuharisha, au ibuprofeni na diklofenaki za mgongo. Vidonge hivyo viwili vya maumivu vinapandisha tansio na kunyima figo damu. Ukivichanganya na enalaprili na hidroklorotiazidi, figo inaweza kuzima ndani ya siku chache. Kwa maumivu, parasetamoli. Midomo au ulimi ukivimba baada ya enalaprili, acha siku hiyohiyo, usiirudie maisha yako yote, na uende hospitali.

Tabia moja iachwe: kumpasulia mtu nifedipini ya haraka chini ya ulimi kwa sababu tansio imeonekana 200. Inaiangusha ghafla, na ubongo au moyo uliozoea msukumo mkubwa unakosa damu. Kama hana maumivu ya kifua, hapumui kwa shida, haoni ukungu na haongei ovyo, apumzike, apimwe tena, aongezewe dawa za kumeza.

Lengo kwa mwenye diabete ni chini ya 130/80. Utafiti wa BPROAD wa China, 2024, ulionyesha kwamba kwenda chini ya 120 ya juu hupunguza matukio makubwa kwa asilimia 21, lakini hilo ni la aliye na mashine, labo na munganga wa karibu. Mzee anayeona kizunguzungu akisimama, ridhika na chini ya 140, na umpime pia baada ya kusimama dakika moja hadi tatu.

Kupima nako kuna makosa yake, na milima yetu inayazidisha. Aliyepanda Kadutu kwa miguu akapimwa palepale mlangoni hana tansio ya kweli, ana tansio ya kupanda. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, kibofu kitupu, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuongea. Pima mara mbili, dakika moja katikati, uandike wastani. Kati ya mashine ya mkono wa juu na ile ya kifundo cha mkono, nunua ya mkono wa juu. Ile ya kifundo hudanganya ikishuka au kupanda kidogo tu na usawa wa moyo. Angalia pia utepe: wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, na mama mwenye mkono wa sentimita 38 akifungwa huo atasomewa tansio ya juu asiyokuwa nayo.

Dawa za sukari, zikitazamwa kwa jicho la moyo

Metformini inaanza na mg 500 baada ya mlo wa jioni, inaongezwa 500 kila wiki mpaka 2000, ili tumbo lizoee. Wengi huiacha kwa kuharisha kwa sababu walianzishiwa 1000 mara mbili siku ya kwanza, tena tumbo likiwa tupu. Haishushi sukari mpaka hatari ikiwa peke yake, hainenepeshi, na katika UKPDS watu wanene waliopewa hiyo walipata shambulio la moyo asilimia 39 pungufu. Figo ikishuka chini ya 45 kwa hesabu ya uchujaji (eGFR, ambayo labo huipata kutoka kreatinini), nusu ya dozi. Chini ya 30, iachwe.

Glibenklamidi inashusha haraka na inapatikana karibu kila kona, ndiyo maana inapendwa. Ubaya wake ni kwamba inasukuma kongosho hata siku usiyokula. Kwa mzee, au mwenye figo dhaifu, sukari inaweza kubaki chini siku nzima au zaidi, na kila mshuko ni mjeledi juu ya moyo. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi haifai kwa waliopita miaka 60. Kama ni lazima dawa ya jamii hiyo, gliklazidi ndiyo salama zaidi. Na anayemeza mojawapo akipata malaria, kwinini nayo inashusha sukari: apimwe mara nyingi, ale, asiachwe alale peke yake. Ikishuka chini ya 70, vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15, kisha chakula chenyewe.

Empagliflozini na dapagliflozini, mg 10 kwa siku, ni kizazi kingine. Zinamwaga sukari kwenye mkojo, na faida yake kwa moyo uliochoka na kwa figo inazidi faida yake kwa sukari. Utafiti wa EMPA-REG wa 2015, kwa watu ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo, ulipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 38. Kama wewe ni mmoja wao na dawa inapatikana na familia inaweza kuinunua kila mwezi bila kukatiza, zipandishe foleni mpaka juu ya glibenklamidi. Kama moyo wako ni mzima na pesa inatosha miezi miwili tu, acha. Madhara yake: fangasi sehemu za siri, kukaukiwa maji, na sumu ya asidi kwenye damu hata glisemi ikiwa haijapanda sana. Simamisha siku 3 kabla ya kupasuliwa.

Statini

Atorvastatini mg 10 au 20 ndiyo chaguo letu kwa mwenye diabete aliyepita miaka 40 bila ugonjwa wa moyo. Mg 40 hadi 80 kwa aliyeshapata shambulio au kiharusi cha kuziba. Inamezwa saa yoyote. Simvastatini mg 20 hadi 40 ni ya pili: inamezwa usiku, na ina mgongano na amlodipini, kwa hiyo ukiwa na zote mbili simvastatini isipite mg 20. Anayemeza dawa za virusi vya UKIMWI za kundi la protiasi asiiguse simvastatini. Eritromisini na klaritromisini nazo zinaipandisha kwenye damu. Misuli ikiuma mwili mzima na mkojo ukawa rangi ya koka, acha na uende kupimwa. Mama anayetaka mimba aiache kwanza.

Swali linaloulizwa sana: nipime kolesteroli kwanza? Kama pesa ni ya kimoja tu, nunua dawa. Kwa aliyepita 40 mwenye diabete, jibu la labo halibadilishi uamuzi.

Aspirini ni ya nani

Ni ya aliyekwisha kupata shambulio la moyo, kiharusi cha kuziba kilichothibitishwa, au mshipa wa mguu ulioziba: mg 75 hadi 100 kwa siku, baada ya chakula. Kwa mwingine, pesa hiyo iende kwenye statini. Kiharusi kipya kisipewe aspirini nyumbani, maana bila skana huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Kifua kinachobana ghafla ni jambo jingine: hapo mg 300 zitafunwe wakati gari linatafutwa. Na mwenye diabete ya miaka mingi anaweza asisikie maumivu ya kifua kabisa, kwa kuwa mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Jasho baridi, pumzi kukata ghafla, kichefuchefu, uchovu usio na sababu: yahesabiwe kuwa ni moyo mpaka uthibitishwe vinginevyo.

Vipimo: viwili vya lazima, vingine baadaye

Kreatinini na albumini ya mkojo, mara moja kwa mwaka, ndivyo vya kwanza. Kimoja hakichukui nafasi ya mwenzake: kreatinini hubaki nzuri mpaka figo imeshaharibika sana, wakati albumini inaonekana miaka mingi mapema, na inatabiri pia moyo. Kijiti cha kawaida cha mkojo huchelewa kuiona. Omba uwiano wa albumini na kreatinini, na 30 mg/g au zaidi, ikirudiwa na kubaki hivyo, ni dalili ya hatari. HbA1c kila miezi 3 hadi 6, ila haiaminiki kwa mwenye siko (selimundu), upungufu mkubwa wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni. Elektrokadiogramu, kipimo cha umeme wa moyo, ikiwa nzuri haimaanishi moyo mzima. Inafaa kama msingi wa kulinganisha baadaye.

Miguu: uvimbe na maumivu yanayofanana

Miguu yote miwili ikivimba jioni, asubuhi ikashuka, pumzi iko sawa na unameza amlodipini mg 10: ni dawa. Ishushwe hadi 5 na enalaprili iongezwe. Kuongeza dawa ya kukojoza hakusaidii. Miguu ikivimba huku unalala kwa mito mitatu, unaamka usiku ukitafuta hewa, uzito umeongezeka kilo 2 kwa siku 3: ni moyo. Uso na kope kuvimba asubuhi na mkojo wenye povu: ni figo. Mguu mmoja tu, wenye joto na maumivu: ni bonge la damu au uambukizo, na haungoji kesho.

Ndama inayobana ukipanda mlima na kuacha ukisimama dakika chache, kila mara kwenye kona ileile, si uzee wala baridi yabisi. Ni ateri ya mguu iliyoziba. Mguu wa namna hiyo huwa baridi, unang'aa, hauna vinyweleo, na kidonda chake kinauma, kinakaa kwenye ncha za vidole au kisigino. Mguu wa ganzi ni kinyume: wa moto, mkavu, una sugu, na kidonda chake chini ya wayo hakiumi hata ukikikanyagia. Wa pili unahitaji kupunguziwa uzito na viatu vizuri. Wa kwanza unahitaji damu, na ukiukata sugu kabla ya kupima mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo unaweza kufungua kidonda kisichofunga.

Chakula kwa ufupi, maana kila mtu ameshahubiriwa. Bugali nusu ya sahani ya zamani, sombe bila kuogelea kwenye mawese, sambaza badala ya makayabu. Makayabu na vipande vya kuungia mchuzi vina chumvi inayofuta nusu ya kazi ya kidonge chako cha tansio; lengo ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyofichika.

Siku ya kuharisha, na siku pesa inapokwisha

Kipindupindu na kuhara si vigeni pembezoni mwa Kivu. Ukihara au kutapika sana, simamisha kwa muda metformini, enalaprili au losatani, hidroklorotiazidi na empagliflozini. Zote zinaumiza mwili usio na maji. Kunywa maji ya chumvichumvi ya kuzuia kukauka (ORS), hata kama yana sukari kidogo. Rudisha dawa saa 24 hadi 48 baada ya kula na kunywa kama kawaida. Insulini haisimamishwi, dozi tu ndiyo inayopangwa upya kwa glisemi.

Na pesa ikiisha katikati ya mwezi, usigawe kila kidonge nusu. Vijiti vya glisemi ndivyo vya kwanza kukatwa kwa anayemeza metformini tu, kwani kipimo cha kila siku hakibadilishi dozi yake. Aspirini ya yule asiye na ugonjwa wa moyo nayo ikatwe, na isirudi tena. Statini ikikosekana wiki moja, ukuta wa mshipa hausahau haraka, ila mwezi mzima ni hasara. Dawa za tansio zibaki. Atenololi hasa haikatwi ghafla, maana mapigo hurudi kwa kasi na moyo wenye ateri mbovu unaweza kushambuliwa. Ikibidi kuiacha, ishushwe taratibu kwa wiki moja hadi mbili chini ya macho ya munganga. Wa mwisho kuguswa, na hata huyo usimguse, ni chupa ya insulini.